Shela la Ijumaa na Kompyuta Iliyoganda



Wengi mnatujua kwa mashela na mabuibui ya kudarizi, na kila siku mnatuuliza: nyie watoto wa Unguja, Lupembe mmefuata nini? Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja aliolewa huku, mwengine akamfuata kwa kazi. Duka letu la ushonaji limepakana na mashamba ya chai, na wateja wetu wengi wako Njombe na Makambako.

Leo hatuna mtindo mpya wa kuwaonesha. Tuna kosa letu la kuwasimulia.

Mwezi wa saba tulipokea shela la bibi harusi wa Makambako. Nikaha Ijumaa, baada ya sala. Alitaka maua ya asumini pindo zima. Mchoro tunautengeneza kwenye kompyuta, tunautia kwenye flashi, kisha mashine inadarizi. Kompyuta yetu ni ya mtumba, ile ndogo ya maofisini, na michoro mikubwa ilikuwa inaichosha. Tukanunua kadi ya picha iliyotumika, fundi akatufungia.

Jumatatu ikawaka vizuri. Mchoro mdogo ukafunguka upesi, tukafurahi. Tulipofungua pindo la shela na kulizungusha tulione, kioo kikaganda. Mausi haendi, kibodi haijibu, mpaka ubonyeze kitufe mpaka izime. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Jirani akasema ni hasadi. Sisi tukasema ni fundi, katuuzia kadi mbovu. Na hatukuishia kusema: tukatuma sauti kwenye kundi la wafanyabiashara, tukamwita mwizi kwa jina lake.

Usiku tukasoma dua, asubuhi tukachukua bisibisi. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua kasha na kuitoa kadi. Waya wa kioo tukaurudisha kwenye tundu la zamani la mazabodi. Kompyuta ikafanya kazi mchana kutwa, polepole, lakini haikuganda. Basi tukajua: tatizo ni kadi, au ni kitu ambacho kadi inakihitaji.

Tukairudisha, tukaikandamiza mpaka ikakaa sawa. Ikaganda. Tukafuta draiva ya zamani na kuweka mpya. Ikaganda. Tukaangalia feni, inazunguka. Na Lupembe mwezi wa saba, joto litoke wapi? Kila mara tulibadilisha kitu kimoja tu, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya.

Mwisho tukampigia fundi, kwa aibu. Hakugomba. Alisema, "Dada zangu, hebu nisomeeni kibandiko cha pawa saplai." Tukasoma: wati 240. Akanyamaza kidogo. "Kadi hiyo inataka pawa saplai ya wati 450. Niliwauliza siku ile, mkaniambia yenu ni kubwa, niifunge tu."

Kweli alituuliza. Tulikuwa na haraka, tukajibu bila kutazama.

Akatueleza kwa upole. Tundu la mazabodi huipa kadi wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi huongezewa kwa waya kutoka pawa saplai. Ikiwa haina kazi nzito inatulia; ikipewa mchoro mkubwa inavuta umeme mwingi, pawa saplai inashindwa, na kompyuta inaganda au inajizima. Na kompyuta nyingi ndogo za ofisini zina pawa saplai ya umbo lake, si rahisi kuibadilisha. Tukakubaliana atubadilishie kwa kadi ndogo inayotosheka na umeme wa tundu.

Shela tulilimaliza bila kadi yoyote, kwa ile kompyuta nzito, tukihifadhi kazi kila baada ya ua moja. Alkhamisi usiku likafika Makambako. Bibi harusi hakujua lolote.

Lakini tulikuwa na deni jengine. Fundi yule ana mke na watoto, na siku mbili jina lake lilizunguka kwa wizi ambao hakuufanya. Kumwomba radhi pembeni kusingetosha. Tulirudi kwenye kundi lile lile, kwa sauti ile ile: "Kaka, tumekudhulumu. Kosa lilikuwa letu. Tusamehe." Akajibu neno moja: "Yameisha."

Dada yetu mwenye biashara, kabla hujanunua kadi, soma kibandiko cha pawa saplai yako. Nawe bibi harusi, fundi wako akichelewa, muulize kabla hujamhukumu. Umeme uliopungua huongezwa. Heshima ya mtu ukishaimwaga, kuizoa ni kazi.

Allah atusamehe sote, na azijaalie nikaha zenu kheri na baraka. Amin.