Divai ya Ufaransa mezani Momela

Jumapili tuliwapeleka watoto Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Flamingo walikuwa wamejipanga ziwani, Mlima Meru umejifunika wingu. Wakati wa chakula shemeji alifungua chupa ya divai nyekundu ya kusini mwa Ufaransa. Lebo ilitaja zabibu tatu. Grenache huleta utamu wa matunda, Syrah rangi nzito na harufu ya pilipili manga, Mourvèdre ukakasi unaokausha ulimi.

Babu yao alionja, akacheka. "Kumbe na wao wanachanganya!" Mbege nayo si ndizi peke yake: ndizi hutoa utamu, kimea cha ulezi huichachusha na kuipa uzito.

Mwanangu wa miaka 12 akanyoosha kikombe. "Sisi tulionjeshwa mbege tungali wadogo," Babu akasema, chupa mkononi.

Moyo ulinienda mbio. "Baba, naomba huyu asubiri kwanza akue."

Kimya kidogo. Kisha Babu akamsogezea mjukuu glasi yake. "Basi wewe onja kwa pua."

Mtoto akanusa, akafikiri.

"Zambarau," akasema, akarudi kwenye juisi yake.