Saa 72 za Marambo

Jamani, haya mambo tuyaseme tu. Jumatatu iliyopita saa mbili asubuhi binamu yangu wa Marambo, kule Nachingwea, kanipigia simu. Kondomu ilipasuka Jumamosi saa tano usiku. "Ila dada, yule binti ana afya, kanenepa!"

Unene si kipimo. Nikahesabu: saa 33 zimekwisha, zimebaki 39. Dawa za PEP huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kwa mwanamume, wataalamu hukadiria maambukizi 4 hivi katika kila ngono 10,000 za ukeni na mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa. Kidogo, eeh? Ila huo ni wastani. Mwenye maambukizi mapya huambukiza kirahisi zaidi, na anayemeza ARV mpaka virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kabisa. Binti yuko wapi hapo? Binamu hajui.

Zahanati ya kijijini hakuitaka, nesi anamjua mama yake (msicheke, kijijini hilo ni zito). Akapanda bodaboda hadi Nachingwea mjini, akapimwa kwanza, hana VVU, akapewa vidonge vya siku 28. Leo siku ya tano, kichefuchefu kinamsumbua. Akimaliza atapimwa tena. Binti naye kakubali kupima.