Asubuhi Tuliyohesabu Taa

Julai ya Mbeya maji ya bomba huuma meno. Mwaka 2004 nilikuwa bado najifunza kazi kwenye gereji moja ya Mwanjelwa, naosha vyuma kwa dizeli na kumshikia fundi mkuu tochi, na baridi ile ndiyo iliyotuletea Hilux ya mzee wa viazi.

Ilikuwa pikapu ya injini ya 1KZ-TE, lita 3, iliyounganishwa Durban na kupandishwa huku kupitia Tunduma. Siku zile karibu kila dizeli iliyoingia kwetu ilikuwa 2L, 3L au 5L, pampu yake chuma kitupu, haijui kompyuta. Hii pampu yake iliamrishwa kwa umeme. Kontrol boksi ndiyo iliyoamua dizeli itoke lini na kiasi gani, kwa kusikiliza sensa zilizotapakaa kwenye injini. Mwenyewe alikuwa mkulima wa Isyonje, akishusha viazi sokoni alfajiri, na alfajiri ndipo gari lilipomgomea. Unapiga stata mpaka betri inalegea, linakohoa, linajaza uwanja moshi mweupe, linatetemeka. Likishapata moto linakwenda kama halijawahi kuugua. Taa ya injini kwenye dashibodi ikawa haizimiki.

Fundi mkuu alikuwa Kyela kwenye msiba. Sisi vijana tukamwita mtu mwenye mashine ya kupimia, kitu ambacho wakati huo mjini kilikuwa cha kutazamwa kwa watu kusongamana. Aliinama chini ya usukani, akakuta soketi ya matundu 16, akachomeka. Kioo cha mashine kikawaka. Tukasogea. Akabonyeza, tukasubiri, ikaandika kwamba imeshindwa kuwasiliana na gari. Akarudia mara tatu. Kisha akachomoa waya, akauzungushia mashine, akasema: kontrol boksi imekufa.

Nilikuwepo, tochi ilikuwa mkononi mwangu, na nilimwamini. Mzee aliponigeukia mimi, mtoto wa gereji, akaniuliza, "Ni kweli, mwanangu?" nikamjibu ndiyo. Mashine ilikuwa imewaka mbele ya macho yangu, kwa hiyo niliona mashine ni nzima, na mbovu ni gari.

Leo ninajua kwa nini iliwaka. Katika soketi ile tundu la 16 linaleta moto wa betri moja kwa moja, na la 4 ni ethi. Ukichomeka mashine yoyote itawaka, hata kontrol boksi ukiwa umeing'oa na kuiweka nyumbani chini ya kitanda. Mazungumzo yenyewe yanapita kwingine. Kwa magari mengi ya miaka ile ni tundu la 7. Mashine inabisha hodi kwenye waya huo, polepole sana, kwa namba maalumu iliyowekwa na utaratibu wa Wamarekani, halafu inangoja kuitikiwa. Marekani iliyalazimisha magari madogo na pikapu kuitikia hodi hiyo kuanzia yale ya mwaka 1996. Ulaya, magari madogo ya dizeli yalifikiwa na sheria ya namna hiyo mwaka 2003 na 2004. Pikapu ya dizeli iliyotengenezwa ili iuzwe Afrika haikubanwa na lolote kati ya hayo. Kiwanda kiliweka soketi ya umbo lile lile, lakini ndani kikaacha lugha yake chenyewe. Kontrol boksi ya mzee ilikuwa hai. Iliitwa kwa jina lisilo lake, ikanyamaza.

Mzee aliuza ng'ombe wawili. Boksi ya mtumba ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye gazeti na gundi ya karatasi. Tukaifunga. Asubuhi yake moshi ulikuwa ule ule.

Fundi mkuu aliporudi hakutukaripia, na mpaka leo ningependa angetukaripia. Aliirudisha kwanza boksi ya zamani mahali pake. Akaomba waya mfupi, akaumenya ncha zote mbili kwa meno. Akapiga magoti kwenye changarawe, akachungulia soketi, akahesabu matundu kwa kidole: la 4, la 13. Akayaunganisha kwa ule waya. "Fungua swichi. Usipige stata."

Taa ya injini ikaanza kupepesa. Mbili. Ikatulia kidogo. Mbili. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi, halafu ikaanza upya: mbili, mbili. Fundi akaniambia nihesabu kwa sauti, nikahesabu mizunguko mitano, na mzee wa viazi alikuwa amesimama dirishani akihesabu pamoja nami kwa Kiswahili chake cha milimani. Kama kompyuta isingekuwa na la kusema, taa ingepepesa mfululizo bila kupumzika. Kama ingekuwa imekufa, isingepepesa kabisa. Ilikuwa ikituambia 22.

Fundi akatoa daftari la kaunta lililoshika mafuta mpaka kurasa zimekuwa kama ngozi, akalifungua. Ishirini na mbili: sensa ya joto la maji. Nikaenda na mita. Sensa hiyo ikiwa nzima, kwenye nyuzi 20 inasoma kama kilo-omu 2 hadi 3, na maji yakipata moto inashuka chini ya nusu ya kilo-omu moja. Yetu haikusoma chochote, imekatika ndani. Kontrol boksi isipopata habari za joto inajikadiria yenyewe, na inakadiria kana kwamba injini imeshapata moto. Ndiyo maana mchana gari lilikuwa zima, na alfajiri ya Isyonje likawa linapewa dizeli ya gari lililokwisha kuchemka.

Sensa mpya ni kidude cha kushika kwa vidole viwili. Tukaifunga, tukatoa kichwa cha betri ili kufuta kumbukumbu ya kosa, tukamwambia mzee alilaze gari uwanjani kwetu usiku ule. Kesho yake saa kumi na mbili kasoro vioo vilikuwa na ukungu. Alisubiri taa ya hita izimike, akapiga stata mara moja.

Baada ya hapo magari yalibadilika mbio. Hilux za mwaka 2005 zilikuja na 1KD-FTV, dizeli inasukumwa kwenye reli moja kwa shinikizo kubwa, na hapo kweli mashine ikawa haikwepeki. Halafu vikaja vidude vya Bluetooth vya bei ya chakula cha siku mbili, vingi vikiwa vimeandikwa ELM327 toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo haikuwahi kulitoa. Ninavyo viwili, ninavitumia. Lakini gari la zamani likikataa kukiitikia kidude, namwekea mteja waya kwanza, kabla sijamtamkia neno "imekufa". Wapo mafundi wanaosema ni kupoteza muda. Mimi nilimwona mtu akilipa ng'ombe wawili kwa sababu nilikubali upesi.

Siku ile mzee alipomaliza kushukuru, aliishika ile boksi ya mtumba kwa mikono miwili, akamuuliza fundi, "Na hii sasa niifanyie nini?" Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa ameshakataa kuipokea. Fundi alitazama chini, asijue la kumjibu. Mzee akaiweka juu ya benchi letu, akaingia garini, akaenda kuwahi soko.

Hakuirudia. Fundi mkuu alipostaafu alinikabidhi funguo, daftari la kaunta na boksi hiyo. Iko kwenye rafu juu ya mlango, bado na kipande cha gazeti la 2004 kilichoganda kwenye gundi.