Sinema ya nje, watoto, na nafasi kati ya maneno

Leo hifadhidata tuziweke kando kidogo, nataka kuongea juu ya sinema ya nje na watoto. Programu itaingia katikati, msiwe na wasiwasi.

Miji ya ng'ambo huonyesha filamu bustanini wakati wa joto. Watu hubeba blanketi na chakula, wanakaa kwenye nyasi. Shida yao ni moja: London mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo filamu ikianza mtoto ameshalala begani. Sisi wa karibu na ikweta tumebarikiwa. Kisii jua huzama kama saa moja kasoro, mwaka mzima. Saa moja na robo giza limekamilika, unaweza kuanza, na filamu ya saa moja na nusu ikaisha kabla ya saa tatu.

Bustani kubwa za mji hatuna, tukubali. Tuna viwanja vya shule, viwanja vya makanisa, na nyua za nyumbani. Mimi hutumia ua wa mama yangu kule Manga, upande wa Nyamira, ambako usiku unaona taa za mji wa Kisii chini kule. Shuka mbili nyeupe, kamba, projekta ndogo, na watoto wa ukoo mzima.

Jambo hili si geni hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, Tanganyika. Walitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa gari hadi Kenya na Uganda, wakionyesha nje usiku. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, maana picha moja ilipita kwa watu wa lugha nyingi. Miaka mingi baadaye, kwenye vibanda vya video, DJ Afro akajipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chake cha mtaani, na watu wakalipia sauti yake kama walivyolipia picha. Kwa hiyo swali la nani anazungumza juu ya picha limekuwepo tangu zamani.

Kwangu swali hilo lilikuja kupitia binti yangu wa miaka saba. Yeye ni mtoto wa mjini: Kiswahili, Kiingereza, na Sheng ya shuleni. Nyanya yake anaongea Ekegusii, pamoja na Kiswahili cha sokoni cha kuuzia ndizi. Zamani mtoto alikuwa analala mapajani pake bila kuhitaji maneno. Siku hizi anataka maneno, na wakikaa pamoja wanayamaliza haraka: umeamkaje, umekula, nenda ukacheze. Likizo ya Agosti niliona ameanza kukaa chumbani na simu, nyanya amekaa jikoni peke yake. Hakuna aliyekosana na mwenzake. Walikuwa wanapoteana tu.

Ndipo likizo ya Desemba nikachagua Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina ya 2018. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona na anayependa mashujaa wa sinema. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Ni filamu ya Kenya, lakini ndani yake mna Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mama yangu hawezi kuyafuata. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu, akakubali kusimulia kwa Ekegusii.

Sasa programu. Faili la maandishi ya chini ni kitu rahisi sana: namba, saa ya kuanza na saa ya kuisha, kisha sentensi. Toleo la kwanza lilisoma faili hilo na kumwonyesha msimulizi kwenye simu tafsiri ya kila sentensi kwa wakati wake. Tukajaribu. Kaka akawa kama msomaji wa taarifa ya habari, macho kwenye simu, hamtazami mtu. Toleo la pili likageuza hesabu. Badala ya maneno linaonyesha ukimya: pale sentensi moja inapoisha na nyingine haijaanza, kama nafasi inazidi sekunde tatu, simu inakuwa kijani na kuhesabu sekunde zilizobaki. Cha kusema anajua mwenyewe. Mistari chini ya mia moja, na hakuna intaneti inayohitajika.

Usiku wenyewe, mama ya Jo alipotokea, kaka akamwita "baba". Binti yangu akapaza sauti, "Huyo si baba, ni mama!" Ua mzima ukacheka. Kwa Ekegusii mama ndiye huitwa "baba", na baba ni "tata". Nyanya akamvuta karibu kumweleza. Mtoto akauliza, na dada? Na hospitali? Na kuogopa? Kuanzia hapo hakubanduka. Jo alipozidiwa, niliona binti yangu anamuuliza nyanya kitu kwa sauti ya chini, na nyanya akamjibu kwa muda mrefu. Sikusikia jibu. Nilikuwa nyuma na projekta.

Kwa mwenye nia ya kujaribu, haya yamenisaidia:

1. Epuka likizo ya Aprili, mvua huwa nyingi mno. Agosti na Desemba ni afadhali, lakini mvua ya alasiri ipo, kwa hiyo tandika turubai chini ya blanketi.

2. Spika ikae karibu na shuka, si karibu na projekta. Tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti, midomo ikaenda mbele ya maneno.

3. Umeme ukikatika watoto hawasubiri. Kuwa na betri ya akiba inayoweza kubeba projekta yako hadi mwisho.

4. Ukitoka nyumbani kwenda kwenye kiwanja cha umma, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni. Omba pia ruhusa ya wenye filamu. Alama ya GE ya bodi ya uainishaji maana yake filamu inamfaa kila mtu.

5. Mpe msimulizi maikrofoni, na umruhusu kunyamaza.

Likizo ijayo binti yangu ameomba asimulie sehemu moja kwa Ekegusii. Ana maneno kama arobaini, na nyanya anamwongezea kwa simu kila Jumapili. Nimebadilisha kipimo cha ukimya kwenye programu, kutoka sekunde tatu hadi nane. Anahitaji muda wa kulitafuta neno.