Noti Moja, Majina Mawili

Baba aliniachia daftari la kurasa 96 lililojaa solfa. Hakuna mistari mitano humo, ni herufi tu za kalamu ya bluu: d, r, m, f, s, l, t, sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine. Alifundisha kwaya ya kanisa letu Kawangware miaka mingi bila kumiliki kinanda.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, kwaya iliamua kuimba wimbo wake kwenye ibada ya kumbukumbu. Waimbaji wengi siku hizi ni vijana waliosoma muziki shuleni, wanataka stafu. Nikasema, hiyo ni kazi ya wikendi moja. Nikachomeka kibodi kwenye laptopu, nikafungua programu ya kuandikia noti, nikaanza kucheza sauti moja moja.

Kwenye sauti ya alto, Baba ameandika: m, re, m. Katika solfa, r peke yake ni re ya kawaida. Ukiongeza e, inasomwa "ri", yaani imepandishwa nusu sauti. Tukiimba kwenye C, hiyo ni D shapu. Nikabonyeza kitufe cheusi. Programu ikaandika E flati.

Nikaicheza, ikasikika sawa. Lazima isikike sawa: kwenye kinanda cha leo oktavu imegawanywa hatua 12 zinazolingana, na D shapu na E flati ni kitufe kimoja. Programu haijui noti inaenda wapi. Inaona kitufe, inakisia jina. Nikatuma PDF kwa WhatsApp, nikalala.

Jumamosi mambo yakaharibika. Alto walifika pale, wakashuka, na kurudi juu ikawashinda. Mara tatu. Mwisho wa ubeti nilipogusa kibodi, kwaya nzima ilikuwa chini. Nikawaambia, aki, noti ziko sawa, sikilizeni hata kwa simu.

Shosho mmoja wa alto, aliyeimba chini ya Baba kabla sijazaliwa na asiyesoma stafu, akaomba daftari. Akavaa miwani.

"Kijana wangu, hii si ma. Hii ni ri. Ma anashuka. Ri anapanda, anaenda kwa mi. Wewe umewaambia washuke."

Kumbe. Karatasi yangu ilionyesha E, E flati, halafu E tena yenye alama ya nachurali: noti inaanguka, kisha inajivuta kurudi. Ya Baba ni hatua ndogo chini, mguu mmoja tayari uko njiani kurudi.

Solfa ilienezwa karne ya 19 na John Curwen, mchungaji Mwingereza, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Wamisionari wakaileta huku. Noti zilizopandishwa huandikwa na e mwishoni: fe, se. Zilizoshushwa huandikwa na a: ma, ta. Anayeandika lazima aamue.

Usiku huo nikapitia wimbo wote na daftari mkononi, nikibadilisha jina la noti moja baada ya nyingine. Kulikuwa na se inayopanda kwenda l. Programu ilikuwa imeiita A flati. Ta ya besi, inayoshuka kwenda l, ilikuwa B flati, nikaiacha.

Nilipofika tena pale kwa alto, niliona kitu ambacho haraka yangu ilinificha. Chini ya ile re kulikuwa na neno lililokatwa. Nikainua karatasi kwenye taa. Ma.

Kwa hivyo naye alisita. Hakuwa na kitufe cha kumwambia ni kitu kimoja. Nadhani aliimba zote mbili peke yake mezani, halafu akachagua ile inayopanda.

Siku ya ibada alto walipita pale bila shida. Shosho alikataa karatasi yangu mpya. Aliimba akisoma kwenye daftari.