Gemu nzuri hujua kukuacha uende

KUNA watu wazima ambao wakisikia neno ‘gemu’ huona picha moja tu: mtoto aliyekodoa macho mbele ya runinga, vitabu vya shule vimetupwa kando na chakula kinapoa mezani. Siwalaumu. Lakini kudai kwamba gemu zote ni kitu kimoja ni sawa na kudai kwamba vyakula vyote ni kitu kimoja kwa vile vyote hupitia mdomoni. Nimecheza gemu za kila aina kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi za mashine za kuchomeka kaseti hadi hizi za simu. Zipo ambazo ningempa mtoto kwa mikono miwili, na zipo ambazo sitaki zivuke kizingiti cha mlango wangu.

Acha nianze na Tetris, maana kwangu hiyo ndiyo mama yao. Ilibuniwa mwaka wa 1984 mjini Moscow na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Alexey Pajitnov. Wengi wetu hapa Kenya hatukuijua kwa jina hilo. Tuliijua kupitia kile kimashine cha plastiki cha kutumia betri, kilichoandikwa Brick Game, kilichokuwa kikipitishwa chini ya madawati hadi mwalimu akinase. Vipande ni vya maumbo saba tu, kila kimoja kina miraba minne. Hudondoka kutoka juu nawe ukavipanga visiache mwanya. Hakuna adui, hakuna bunduki, wala hakuna hadithi. Ukishindwa, hakuna wa kumsingizia: ni wewe uliyeacha shimo pale kushoto ukingoja kile kipande kirefu ambacho hakikuja.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Tetris ya mashine ya Nintendo haina mwisho kwa binadamu. Desemba 2023, kijana wa miaka 13 kutoka jimbo la Oklahoma, Marekani, alicheza hadi kiwango cha 157, mashine ikakwama. Yaani mashine ndiyo iliyosalimu amri! Nilipotazama video yake nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Jamaa wa karibu wa Tetris ni yule nyoka wa simu za Nokia. Aliingia katika Nokia 6110 mwaka wa 1997, kazi ya mhandisi wa Finland, Taneli Armanto. Nyoka anakula, anarefuka, na hatimaye anajigonga mwenyewe. Nawaambia, hakuna gemu iliyonifaa zaidi katika foleni za benki na za hospitali. Ulicheza dakika tatu, jina lako likaitwa, ukaiweka simu mfukoni na dunia haikuharibika.

Super Mario Bros, iliyotoka mwaka wa 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, naiheshimu kwa jambo lingine. Inafundisha bila kusema neno. Mwanzo kabisa wa safari kuna kiumbe kimoja kinakujia polepole. Usiporuka, unakufa. Ukiruka, huenda ukajigonga kwenye tofali na kugundua kwamba ndani yake kuna sarafu. Katika nusu dakika umejifunza karibu yote unayohitaji, na hakuna aliyekupa kitabu cha maagizo. Natamani baadhi ya walimu walionifunza hisabati wangaliketi na bwana huyo kwa wiki moja tu.

Contra ya kampuni ya Konami sikuipenda kivile. Uhai ni mara tatu tu, na risasi zinatoka kila upande. Niliicheza kwa sababu kaka yangu aliipenda na hakuwa na mwenzake wa kushika pedi ya pili.

Sasa tuje kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, ambako vijana wa rika langu walilelewa nusu. Ulilipa shilingi kumi kwa mechi, na sheria ilikuwa moja: anayefungwa anainuka. Pale Tekken 3 ilitawala. Kulikuwa na mpiganaji mmoja wa Brazil, Eddy Gordo, anayepigana kwa mtindo wa kucheza ngoma huku miguu iko juu. Siri yake ni kwamba hata asiyejua lolote akibonyeza vidude ovyo ovyo, Eddy hugeuka kimbunga. Wakongwe walimchukia, wageni wakampenda. Mimi naona yeyote aliyemweka mle alikuwa na hekima: mgeni alipata ushindi wake wa kwanza siku hiyo hiyo, akarudi kesho kujifunza vizuri. Si kila aliyerudi alipotea, msomaji. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alifika hatua ya kusajiliwa mwaka wa 2018 na timu ya kimataifa kwa ubingwa wake wa Tekken.

Katika kandanda tuligawanyika kama vyama vya siasa. Wa FIFA walijivunia majina halisi ya timu. Sisi wa Pro Evolution Soccer tulivumilia Liverpool kuitwa Merseyside Red na Chelsea kuitwa London FC, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa mtamu zaidi mkononi. Pasi mbaya ilikuwa pasi mbaya. Hadi leo sijabadilisha msimamo, ingawa FIFA ndiyo iliyoshinda vita hivyo sokoni. Tangu mwaka wa 2023 imeacha jina hilo na kuitwa EA Sports FC, lakini nenda kibandani uone kama kuna anayeiita hivyo.

Na Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka wa 2004? Ni kazi kubwa. Mji mzima umo ndani, na mhusika wake akila kupita kiasi ananenepa, akifanya mazoezi anajenga misuli. Lakini alama ya Ulaya kwenye jalada lake ni 18, na ilistahili. Tatizo la kule mtaani ni kwamba nakala nyingi zilikuwa za magendo, hazikuja na jalada lolote. Nimewaona watoto wa darasa la nne wakiicheza huku mwenye kibanda akihesabu shilingi zake.

Hata hivyo, si damu ya San Andreas inayonikosesha usingizi siku hizi. Ni gemu tamu, zenye rangi za peremende, ambazo mzazi akizichungulia anatabasamu.

Chukua Candy Crush Saga ya mwaka wa 2012. Unapewa uhai mara tano. Ukipoteza mmoja, unangoja nusu saa urudi. Huna subira? Nunua. Tafakari jambo hilo. Tetris ilipima akili yangu, Nyoka akapima vidole vyangu, lakini hii inapima subira yangu kisha inaniuzia ile niliyoikosa. Katika kandanda nako kuna pakiti za wachezaji ambazo unalipia kabla ya kujua aliyemo. Mwaka wa 2018 Ubelgiji iliamua kwamba mauzo ya bahati nasibu ya aina hiyo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti. Marekani nayo, Desemba 2022, Epic Games wenye gemu ya Fortnite walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishiwa wateja waliotozwa pesa bila kukusudia.

Nayasema haya kwa sababu yamefika nyumbani kwetu. Dada yangu alikuta salio la simu yake, shilingi elfu moja mia mbili alizoweka za kupigia wateja wake wa nguo, limebaki shilingi nne. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa amenunua ‘almasi’ katika gemu fulani, ambayo si mojawapo ya hizi nilizozitaja. Baba yake alimwita mwizi mbele ya wageni. Kwa siku mbili mtoto hakula mezani na wenzake.

Nilipoketi naye aliniambia, “Mjomba, iliandika kwamba nimebakisha kidogo tu.”

Niliichukua simu nikaicheza gemu hiyo jioni nzima. Kila niliposhindwa, iliniandikia hivyo hivyo. Kila nilipotaka kufunga, ilinipa zawadi ya kunizuia, kisha ikanionyesha saa inayohesabu kurudi nyuma. Mimi ni mtu mzima mwenye kazi na mke, na bado kidole kilinisogea mara mbili kwenye kile kitufe cha kijani. Mtoto wa miaka tisa angefanyaje? Nilimwambia shemeji yangu waziwazi kwamba katika shauri hili mwizi yuko, ila hakuzaliwa katika nyumba hii. Hakufurahi. Lakini jioni hiyo alimwita mtoto, wakala pamoja.

Dada aliniuliza kama ampokonye gemu zote. Nilimshauri mambo mawili: aiwekee simu neno la siri kwa kila ununuzi, kisha ampe mwanawe kitu bora badala ya kumwachia mikono mitupu. Tulijaribu Minecraft, ile ya kujenga kwa matofali ambayo kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka wa 2014 kwa dola bilioni 2.5. Mimi ilinichosha katika robo saa, naona ni kama kubebeshwa mawe bila mshahara. Yeye alijenga zizi la ng’ombe wa nyanya yake, likiwa na lango linalofunguka, akamwita mama yake aje kulitazama. Dada anasema alikuwa hajawahi kuitwa na gemu hapo awali, alikuwa akifukuzwa tu.

Jumamosi huja kwangu tukacheza ile Pro Evolution ya zamani, kwenye mashine ambayo mke wangu huniuliza kila mwaka nitaitupa lini. Mechi ni mbili, kama tulivyokubaliana. Juzi alinifunga matatu kwa moja, kisha mawili kwa sifuri. Akaweka pedi juu ya meza, akanyoosha miguu, akaenda jikoni kuuliza kama chapati zimeiva.