Kwangu Inakubali

Wiki tatu mfululizo nilimwambia kijana wa atachimenti kwamba laptopu yake ndiyo iko na shida. "Kwangu inakubali," nilisema, nikarudi kwa chai yangu.

Skripti ya majaribio niliiandika mimi. Inawasha seva, seva inaandika namba ya mchakato wake kwenye faili, majaribio yanafanyika, kisha skripti inasoma ile namba na kuipa amri ya kill. Kwenye Linux yangu seva inazimika papo hapo. Mwenzetu wa Mac alilalamika tu kwamba hana amri ya timeout, tukamtafutia, tukasonga.

Kijana alikuwa na Windows, laptopu ya mtumba aliyonunuliwa na mamake. Raundi ya kwanza ilipita. Ya pili ikakataa: mara porti tayari iko na mtu, mara folda ya muda haifutiki kwa sababu kuna programu bado imeishikilia. Akawa anaizima laptopu na kuiwasha upya kila mara, kimyakimya, kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Na katika daftari lake la chuo, lile ninalosaini kila Ijumaa, nilikuwa nimeandika: "Anachelewa kuelewa."

Siku moja akaja mezani. "Boss, samahani, hebu cheki hii."

Alikuwa ameandika ps kwenye Git Bash. Safu mbili za namba: PID na WINPID. Kumbe huko Bash ina namba zake na Windows ina zake. Seva ilikuwa inajitambulisha kwa namba ya Windows, halafu kill yangu inaitafuta kwenye orodha ya Bash, inakosa mtu.

"Lakini si ingelalamika?" nikamuuliza.

Akanionyesha mwisho wa ule mstari: 2>/dev/null. Ililalamika, kila siku. Mimi ndiye niliyetupa malalamiko yake shimoni ili skrini yangu ikae safi.

Marekebisho yalichukua dakika kumi. Kama ni Windows, tumia taskkill. Tena alama ya mkwaju uiandike mara mbili, //F //PID, la sivyo Git Bash inadhani /F ni njia ya folda na kuigeuza. Hilo pia alilijua kabla yangu.

Nikaomba daftari. Nilikuwa nimeandika kwa wino, kwa hivyo nilichora mstari juu ya yale maneno, nikaandika kando kosa lilikuwa la nani, nikasaini tena.